Seli Moja Shingoni mwa Mama

Usiku wa jana niliota nimeitwa haraka shingoni mwa mama yangu, Nshoma, kwenye seli moja yenye afya inayopakana na uvimbe wake. Mionzi ya matibabu ililenga uvimbe, ikamgusa na jirani.

Ndani ni kama karakana ya mshonaji. Uzi mmoja mrefu umezungushwa kwenye maelfu ya bobini zilizobanana. Uzi huo una maelekezo yote ya kumtengeneza mama, mpaka mwanya wa meno yake.

"Umekatika hapa chini yangu," inasema bobini moja.

"Basi sogea, mafundi washone," naiambia.

"Nimeambiwa niushike. Naushika."

Mafundi watatu wamesimama na sindano, hawana pa kupitisha mkono. Mmoja analia taratibu. Anasema ncha zikipotezana, seli itakufa, au itashonwa vibaya iwe kama uvimbe ulio jirani yake.

Mara tuko kwenye korido ya hospitali, bobini zimeketi kwenye mabenchi. Anafika mwanamke mnene mwenye kitenge, anatafuna muhogo. Ndiye msogezaji wa bobini. Kila anapovuta hatua moja anakula kipande. Bila hicho hana nguvu.

"Shikamoo, bibi," anaiambia bobini. "Sikufukuzi. Teleza kidogo tu."

"Marahaba. Nitarudi palepale?"

"Nitakurudisha mwenyewe."

Inateleza. Nyingine zinafuata, zikilalamikia magoti. Uzi unalegea, mkato unaonekana.

"Wewe ni mtoto wake?" msogezaji ananiuliza. "Shika ncha zote mbili. Usiachie."

Nashika. Ncha zinatetemeka kama mama alivyotetemeka siku daktari alipotusomea majibu. Siku ile sikumshika. Nilitazama dirishani.

Leo siachii. Mafundi wanashona, wanakagua, wanakata nyuzi za ziada kwa meno. Bobini zinarudi mojamoja, zinajizungushia uzi. Ile ya kwanza inasinzia hapohapo.

Nikaamka kwa shangazi yangu, ng'ambo ya mji, nilikolala. Asubuhi nikaenda kwa mama nikamkorogea uji. Nilimkuta ameketi kitandani, anajipapasa shingo.

"Limi, mwanangu," akasema, "siku nyingine ukija kunishika usiku, pasha mikono moto kwanza. Ilikuwa baridi mno, nikashtuka."

"Samahani, mama."

Nikakumbatia bakuli la uji kwa viganja vyote viwili, nikasubiri vipate joto.