Amri ya Bendera Nyeusi

Amri ilipoingia redioni, aliyeisikia kwanza ni Hinnerk Osterloh, mwendesha redio wa nyambizi moja ya Kijerumani: nyambizi zote za Ujerumani zipande juu, zitweke bendera nyeusi, ziende kujisalimisha kwa Mwingereza. Vita vimekwisha. Kabla hajampelekea nahodha, alimnong'oneza rafiki yake Gerd Pahlke, mpishi.

Pahlke alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaitoa ukutani picha ya Kiongozi wa Ujerumani, akailaza mezani kama sinia, akapanga juu yake soseji za mwisho zilizobaki stoo.

"Miaka yote huyu anatukodolea macho tukila," alisema. "Leo naye afanye kazi. Karibuni, jamaa."

Mabaharia wakala, Hinnerk akiwa miongoni mwao, huku wakicheka na vinywa vimejaa. Nahodha Lüdecke akatokea mlangoni. Hakufoka.

"Mpaka Mwingereza akanyage sitaha yangu," alisema, "humu bado ni Ujerumani."

Mahakama ya kumhukumu Pahlke iliwekwa pale pale mezani, mafuta hayajafutwa.

"Osterloh, ulikuwepo. Alisema nini?"

Hinnerk alimtazama rafiki yake. Pahlke akamkonyeza, kana kwamba yote yale ni mzaha tu wa wakubwa waliokosa kazi. Hinnerk akayarudia maneno yote, moja baada ya jingine.

"Asante," alisema nahodha.

Wakampandisha Pahlke juu mchana kweupe, bahari imetulia, milima ya Uskochi inaonekana.

"Afande, si vita vimekwisha?" Pahlke aliuliza.

Bunduki zilipoinuliwa alikuwa bado anamtazama Hinnerk, bila hasira, kama mtu anayengoja mwenzake aseme neno. Hinnerk akatazama milima. Maji yakampokea Pahlke na aproni yake.

Jioni waliingia ghubani. Ofisa wa Kiingereza alipanda, Lüdecke akampigia saluti safi, akapewa sigara. Hinnerk, aliyekuwa na Kiingereza cha kuombea maji, akajisogeza.

"Bwana, leo mchana wameua mwenzetu."

"Mjerumani?"

"Ndiyo, bwana."

"Mimi nimetumwa kuchukua chombo," alisema ofisa. "Hayo malizaneni wenyewe." Akamgeukia Lüdecke, akamwashia sigara.

Hinnerk alipotoka kambi ya wafungwa alikwenda mji wa Emden, kwa mama yake Pahlke, ameapa kusema kila kitu. Mama alimmiminia chai juu ya bonge la sukari, ikatatarika kikombeni.

"Nahodha wenu alishafika," alisema. "Alilia, mwanangu, hapo hapo ulipokaa. Na makaa ya kuotea moto baridi nzima kanitafutia yeye. Mtu muungwana. Akaniambia Gerd alichukuliwa na wimbi."

Hinnerk alikishika kikombe kwa mikono miwili.

"Lilikuwa kubwa sana, eti?"

"Kubwa, mama."

Mama akatikisa kichwa polepole, akamwongeza chai.