Mpiga Picha wa Sherehe ya Uhuru

Kwa miaka minne mume wa Fundi hakuwahi kukanyaga sherehe ya uhuru. Kule kwao alikuwa mwandishi wa gazeti, akaandika yaliyowakera wakubwa, yeye na mkewe wakaondoka mbiombio na begi moja moja. Huku ugenini Fundi alijishikiza na cherehani. Yeye akawa mtu wa ndani. Akiulizwa anatoka wapi, hujibu, "Mbali."

Mwaka huu Mwenyekiti wa jumuiya ya watu wa kwao alimng'ang'ania. "Shemeji, ni wimbo wa taifa, keki, na watoto kukimbizana. Nani atakufuata kwenye ukumbi wa shule?"

Basi wakaenda. Bendera ya ukutani aliishona Fundi mwenyewe, na wimbo ulipoanza, mumewe aliimba kwa sauti ambayo Fundi hakuwa ameisikia tangu wahame. Akafurahi, lakini kidogo tu.

Maana alimwona mpiga picha. Alivaa suti ya kijivu, akapita safu kwa safu, kamera ikitua kidogo kwenye kila uso. Kwa mumewe ilikawia.

"Yule umemleta wewe?" Fundi alimnong'oneza Mwenyekiti.

"Mimi? Nilidhani kaja na nyinyi."

Wimbo ulipokwisha, yule mtu alimpa mume wa Fundi mkono kama ndugu waliopoteana. "Kisigino," alisema kwa upole. "Umenenepa."

Fundi akasogea karibu na mumewe. Jina hilo la utani halikuwahi kutoka nje ya nyumba ya mama mkwe wake.

"Tunafahamiana?" mumewe aliuliza.

"Mimi nakufahamu." Akafunga kamera, akachukua kipande cha keki, akatoka.

Hawakungoja hotuba. Walipofika nyumbani, mumewe alimpigia mama yake hata koti hajavua. Mama alipokea upesi mno.

"Mwanangu, nina wageni," alisema taratibu, kama anayelishwa maneno. "Wameshakunywa chai. Wanasema leo umeimba vizuri sana."

"Wako wangapi, mama?"

"Viti havikutosha, wengine wamekaa kitandani kwangu. Wanauliza utakuja lini kunisalimia."

Simu ikakatika. Alipiga tena na tena, imezimwa. Kisha akaingia chumbani, akashusha begi kutoka juu ya kabati.

"Ukienda hawatamwachia," Fundi alimwambia. "Watakuwa nanyi wawili."

"Najua, mke wangu."

Lakini mikono yake haikuacha kukunja mashati.