Maneno ya Bwana Bado

Mtoto alibandikwa jina la Chiriku tangu hajamaliza kuota meno, maana alikuwa na mdomo usiojua kulala. Alisemesha paka, alisemesha sufuria, na akikosa wa kumsemesha alijiuliza mwenyewe na kujijibu. Kisha wakahamia nchi ya watu. Baba mtu alipata kazi ya kuendesha malori ya masafa, nyumbani akawa anapita kama mgeni. Mama mtu alipata kazi ya kupiga pasi mashuka katika chumba cha kufulia cha hoteli. Chiriku akapelekwa shule ambako hakuelewa hata neno moja, na mdomo wote ule ukafungwa. Alirudi nyumbani na chakula chake kwenye kopo kama kilivyofungwa asubuhi, kwa sababu hakujua jinsi ya kuuliza kama wakati wa kula umefika.

Mwalimu wake, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, alimshauri mama kwa maneno machache na mikono mingi: nyumbani nako zungumzeni lugha ya shule. Sasa mpe mama mwenye wasiwasi agizo la mtu aliyesoma, uone. Alilichukua kama dawa ya hospitali, kutwa mara tatu, bila kuuliza kama ina madhara. Jioni ileile akapiga marufuku lugha ya nyumbani. Msimlaumu. Alimpenda Chiriku kama mboni ya jicho lake, na lile kopo lililorudi limejaa lilikuwa linamkosesha raha.

Tabu ni kwamba lugha yenyewe alikuwa ameiokota kazini, kutoka kwa msimamizi wao. Wafanyakazi walimwita Bwana Bado. Ukikunja shuka vizuri, bado. Ukilikunja vizuri zaidi, bado. Pale kwenye mashine ya pasi, penye mvuke unaolowesha mtu hadi nguo za ndani, mama alijifunza kusema: haraka, siyo hivyo, rudia, huna macho wewe, ondoka hapo, unanipotezea wakati. Mengine hakuyapata, kwa kuwa hakuna aliyemwambia mengine.

Basi akirudi jioni, miguu imevimba hadi viatu vinagoma kuvulika, alikusanya nguvu zilizobaki na kuanza somo. Mtoto akivua sare, "Haraka!" Akishika kijiko vibaya, "Siyo hivyo, rudia." Wakati wa kulala ukifika, "Ondoka hapo." Aliyasema huku anatabasamu, akidhani tabasamu litayalainisha. Mara nyingine Chiriku alimjia na kuegemeza kichwa kwenye paja lake, na ulimi ukamwasha kusema njoo mwanangu, njoo nikupakate. Aliyameza maneno hayo, akamsugua mgongo kimya kimya. Nyumba ilipooza. Lakini mtoto alikuwa anashika! Siku aliyomwambia mama yake "Haraka!" kwa matamshi safi kabisa, mama alipiga makofi peke yake jikoni. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, ila hawakutuambia inakuwaje akilelewa na msimamizi wa hoteli.

Haukupita muda akaitwa shuleni. Alimwomba mwenzake wa kazini amsindikize, mwanamke waliyemwita Redio, aliyekuwa pale miaka mingi na aliyezijua lugha zote mbili.

"Twende shoga yangu," Redio alisema. "Wewe lete masikio, mdomo ninao mimi. Mungu mengine alininyima, huo hakuninyima."

Walikalishwa kwenye viti vya watoto, magoti yakiwagusa kidevu. Chiriku alikuwa kwenye meza ya pembeni, peke yake, akipanga vipande vya mbao. Meza nyingine zilikuwa zimejaa watoto. Mama aliliona hilo kabla mwalimu hajafungua kinywa.

Mwalimu alieleza, Redio akatafsiri. Watoto wanamwogopa. Anasimama juu yao, mkono kiunoni, anawaambia huna macho wewe, rudia. Juzi msichana mmoja alianguka uwanjani akachubuka goti. Chiriku ndiye aliyemkimbilia wa kwanza, kabla hata ya walimu. Alimwinamia, akamshika bega, akamwambia, "Ondoka hapo, unanipotezea wakati." Mama wa yule msichana amekuja juu, na wazazi wenzake wamemfuata. Hali ikiendelea hivi, mkuu wa shule atamhamishia kwenye darasa la watoto wakorofi, na mtoto akishaingia humo, kutoka ni shida.

Halafu mwalimu akauliza jambo lingine, sauti chini. Redio hakulitafsiri. Alianza kuchezea upindo wa nguo yake, akiukunja na kuukunjua.

"Anasemaje?" mama aliuliza.

"Anauliza... nyumbani nani anamnyanyasa huyu mtoto."

Mama alihisi uso unawaka. Alitaka kukasirika, akaona hata hasira inahitaji nguvu, naye hana.

"Mwambie hakuna anayemnyanyasa," alisema. "Mwambie anayeambiwa hivyo ni mimi. Kutwa nzima, kazini. Alisema tuongee lugha yao, nami nikampa mwanangu yote niliyonayo. Sina mengine."

Redio alitafsiri taratibu, kama anayeeleza yake mwenyewe, kwa kuwa naye kazini aliambiwa hayohayo.  Mwalimu akauliza, kwenu mtoto akianguka mnamwambiaje?

"Tunamwambia pole, mwanangu. Njoo ukae hapa karibu nami."

Redio akafungua mdomo kutafsiri, akaufunga. Akaufungua tena.

"Shoga," alisema, "hata mimi maneno hayo siyajui kwa lugha yao. Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniambia."

Akaonyesha kwa mikono basi: mtu anaanguka, mtu anamkumbatia na kumkalisha karibu naye. Mwalimu akaelewa. Alisema kosa ni lake. Lugha ya shule waimwachie yeye, na watoto wenzake Chiriku yeye mwalimu ndiye atakayezungumza nao, wao nyumbani wampe mtoto ya kwao, yote. Kisha akavuta kiti, akaushika mkono wa mama wenye makovu ya pasi, akayasema maneno yale kwa lugha yake, polepole, kama anavyowafundisha watoto, ili mama ayarudie.

"Pole. Njoo ukae hapa karibu nami."

Mama hakuyarudia. Yalimwingia kabla hajakumbuka kwamba ni somo. Tangu washuke nchi ile, ndiyo kwanza lugha ile imwambie apumzike, na machozi yalimtoka mbele za watu.

Vipande vya mbao vilianguka. Chiriku alikuja mbio na kumshika mama yake bega, kama alivyomshika yule msichana wa uwanjani.

"Pole," alisema kwa lugha mpya, akimwangalia mwalimu kuhakikisha hajakosea. "Njoo ukae hapa karibu nami."

Hakukuwa na kiti kingine karibu, akakaa sakafuni na kupigapiga mahali pa kukaa ubavuni mwake. Mama akateremka, magoti yakilia, akaketi.

"Nimekuja, mwanangu," akamjibu kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti kubwa, darasa zima likisikia.