Funda la Kutasa

"Usiniletee takwimu ndani ya nyumba yangu, Donald!" Tryphena aliitua birika mezani kwa kishindo hadi kifuniko kikaruka. "Takwimu hazikumfukuza Elsie chuoni. Ulimfukuza wewe."

"Shemeji, nilifuata utaratibu."

"Utaratibu una mkono? Sahihi ilikuwa ya nani?"

Donald alijipangusa jasho. Voi ilikuwa inawaka mchana huo, mabati yakilia kwa joto, naye alikuwa amevaa koti, kama inavyompasa naibu mkuu wa Chuo Kikuu cha Upeo kule Nairobi. Huyu aliyekuwa akimfokea ni mjane wa kaka yake, marehemu Nehemiah. Na Elsie waliyekuwa wakimgombania ni binti wa kaka huyo huyo.

Elsie alikuwa mwaka wa tatu pale Upeo alipougua kifua kikuu. Alilazwa, akakosa mitihani. Chuo kingine kingemngoja. Lakini kuna kampuni ya ng'ambo inayopanga vyuo kwa ubora, na kampuni hiyo hutazama pia ni wanafunzi wangapi wanaomaliza kwa wakati. Upeo ilikuwa na uchu wa kuingia kumi bora. Basi kabla hesabu haijachukuliwa, kila mwanafunzi aliyekuwa akichechemea akaondolewa, kwa sababu asiyekuwepo hawezi kuhesabiwa kuwa amechelewa. Tryphena alipopiga simu akilia, baba mdogo wa mtoto alimjibu kwa maneno machache tu: "Si mimi, shemeji. Ni takwimu."

Elsie alipona. Sasa anauza sokoni mboga za Bura, kule kwao milimani.

"Kumi bora mliingia," Tryphena alisema. "Hongera. Leo umefuata nini?"

Alijua alichofuata. Kampuni ile huwauliza waajiri pia, na Tryphena alikuwa meneja wa wafanyakazi katika hoteli ya watalii nje ya mji. Maswali yenyewe yalikuwa wazi kwenye kompyuta yake pale mezani: kila chuo, kipe alama kuanzia moja hadi kumi.

"Mwaka huu tunateleza," Donald alisema kwa sauti ya chini. "Tukitoka kumi bora, baraza la chuo linanitoa mimi. Na waajiri wanaojibu kutoka huku kwetu ni wachache mno. Jibu lako lina uzito, shemeji."

Tryphena alicheka. "Ngoja nielewe. Kile kipimo chenu cha kisayansi, kisichojua ndugu wala jirani, ndicho hiki kilicho hapa karibu na sukari?"

"Ni sehemu yake tu."

"Na hiyo sehemu umetoka Nairobi kuja kuibembeleza."

"Sitaki uongo! Sema ukweli tu. Harrison, mhasibu wako, si alisoma kwetu? Kazi yake ikoje?"

"Safi. Sijapata mhasibu kama yeye."

"Basi andika hivyo. Hiyo ndiyo haki."

"Na Elsie alipokuwa akiongoza darasa, haki ilikuwa imeenda likizo?"

Donald aliinama, akatoa chini ya kiti kibuyu kidogo kilichozibwa kwa gunzi la mahindi. "Mama amenituma," alisema.

Tryphena akajua. Kwa Wadawida, yaani Wataita, hasira ya ndugu ikikaa moyoni humwandama aliyekosa, hata kama mwenye hasira hajafungua mdomo. Dawa yake ni kutasa. Mwenye hasira hupiga funda la pombe ya miwa, akaipuliza chini, akatamka kwamba moyo umepoa. Akishaipuliza, kesi imekwisha. Kulipiza tena hawezi. Makanisani wanakataza, lakini huko Bura hata wazee wa kanisa hutasa nyuma ya jikoni.

"Profesa mzima!" Tryphena alisema. "Na hesabu zako zote, unaogopa moyo wangu?"

"Usinicheke. Tangu ile habari ya Elsie, hakuna jambo linaloninyookea. Mama anasema ni wewe."

"Mama hajakosea."

Hata hivyo alikichukua kibuyu. Mama Beth, mama mzazi wa Donald, alikuwa mkwe mwema. Ndiye aliyemuuguza Elsie miezi yote ile. Kwa ajili ya bibi kizee huyo, na si kwa ajili ya huyu wa koti, Tryphena alijaza kinywa, akageukia mlango apulize.

Mlangoni alikuwa amesimama Elsie, kikapu kitupu mkononi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu! Umenawiri."

"Baba mdogo, naomba nikuulize." Elsie alikishika kikapu kwa mikono yote miwili. "Daktari amesema niko sawa. Naweza kurudi Upeo nimalizie?"

Tryphena alisimama na pombe kinywani, akimtazama Donald. Neno moja tu lingetosha.

Donald alikohoa. "Utarudi, mwanangu, kwa nini usirudi? Ila si mwaka huu. Ukirudi sasa utahesabiwa kati ya waliochelewa. Acha kwanza vyuo vipangwe, halafu tutaona."

Elsie aliinamisha kichwa.

Tryphena akameza.

Akaimeza yote. Ilimchoma koo hadi tumboni, ikakaa huko. Donald aliliona koo likipanda na kushuka, akaruka kutoka kitini.

"Shemeji, umefanya nini? Ilikuwa ya kupuliza!"

"Tamu. Mwambie mama asante."

Aliivuta kompyuta. Chuo Kikuu cha Upeo: alimkumbuka Harrison na kazi yake safi, akabonyeza moja. Kulikuwa na nafasi ya kueleza sababu, akaiacha tupu. Akatuma.

"Umeniua," Donald alisema.

"Si mimi, shemeji." Tryphena alimrudishia kibuyu chake. "Ni takwimu. Elsie, mfungulie baba yako mdogo mlango."