Gemu ya Nyuki na Chai Iliyopoa

Hivi wewe, ukitaka kujua gemu hii ni nzuri na ile ni mbaya, unaangalia nini? Mwingine atasema anaangalia picha. Mwingine atasema milio, au jinsi maadui wanavyomjia. Siku hizi na mimi naulizwa swali hilo, na madereva na vitambi vyao wananyamaza kusubiri jibu. Lakini nilipoanza sikuwa na picha wala maadui. Nilikuwa na vikombe.

Ngoja nieleze taratibu, nisije nikakupotezea njia.

Nilikuja Lusahunga kwa ajili ya mjukuu. Binti yangu Yuster alipojifungua Diana, nilifunga mzigo nikaja kumkanda maji ya moto, kama mama yeyote anavyofanya. Mtoto akakaa, akatambaa, akaanza kushika ukuta, na mimi bado nipo, kwa sababu madereva wa malori walikuwa wameshaionja chai yangu. Chai ya maziwa, tangawizi naitwanga mwenyewe kila asubuhi, na majani siyatii mpaka maziwa yapande mara ya kwanza na kushuka. Ukiyatia mapema chai inakuwa chungu, wala sukari haitakusaidia.

Jiko langu lilikuwa nyuma ya chumba cha gemu cha Fabrice, mume wa Yuster. Kati ya jiko na chumba kuna ukuta wa matofali ya udongo, na kwenye ukuta kuna kidirisha kisicho na kioo, upana wake kama sinia. Ndani ya chumba kile sikuwahi kuingia hata siku moja. Usidhani nilikatazwa na mtu. Mimi ni mama mkwe. Kwa desturi yetu mama mkwe na mume wa binti yake wanaoneana haya: hawaketi chumba kimoja, hawapokezani kitu mkono kwa mkono, na mmoja akiwa na neno analipitisha kwa mtu mwingine. Fabrice ni mtu wa Kibimba, wazee wake walitoka Burundi, na kwao haya hiyo ipo vilevile. Tukaelewana bila kusemezana.

Asubuhi utamsikia upande wa pili wa ukuta: "Mke wangu, mwambie mama shikamoo."

Na mimi, mwiko mkononi: "Mwambie marahaba."

Yuster yuko mlangoni na mtoto mgongoni, fagio mkononi. "Mmeshasikiana," anasema, anaendelea na kufagia.

Chai nayo ilikuwa na utaratibu wake. Naweka kikombe kwenye kidirisha, narudi nyuma mpaka kwenye mafiga, ndipo Fabrice anakuja kukichukua. Kikombe kikirudi, ni hivyo hivyo.

Sasa chumba chenyewe. Vibanda vingine vya barabarani vina gemu za mpira. Fabrice alikuwa na mashine za zamani, zile za kaseti, na katika kaseti zote alipenda za kupiga risasi. Yuster alinieleza hivi: una ndege ndogo sehemu ya chini ya kioo cha televisheni, maadui wanashuka kutoka juu, wewe unakwepa huku unapiga. Basi, hakuna zaidi. Madereva walizipenda kwa sababu walizicheza utotoni, wakati pedi, kile kidude cha kubonyezea, ilikuwa inagombaniwa na mtaa mzima. Kaseti zilikwisha kubanduka karatasi, na maandishi ya kwenye kioo ni ya Kijapani, hakuna wa kuyasoma. Kwa hiyo kila gemu ilibatizwa jina na wachezaji: Nzige, Mvua ya Chuma, Kiwavi, Nyuki. Na kila moja ilipewa alama kati ya kumi, Fabrice akaziandika kwa chaki ukutani.

Mgawaji mkubwa wa alama alikuwa Rogasian, dereva wa lori la kwenda Rusumo. Mtu mnene, sauti kama honi.

"Nzige, nane," anatangaza. "Ningeipa tisa ila muziki wake unaniuma jino."

"Jino lako la siku nyingi hilo," mwenzake anamjibu. "Usiisingizie gemu."

"Mvua ya Chuma, sita."

Hapo mimi nacheka jikoni peke yangu. Kwa nini? Kwa sababu ya kikombe. Kwenye kidirisha kile naiona televisheni kwa mgongo tu, waya na vumbi. Ninachokiona mbele yangu ni nyuso za wachezaji, mwanga wa kioo ukizipakaa bluu mara nyekundu, na vikombe vyao pembeni. Gemu mbaya, mtu anacheza huku anakunywa, kikombe kinarudi kitupu na bado cha moto. Gemu nzuri, mtu anaisahau chai. Inapoa, inashika utando wa maziwa juu, utando mzito unaoweza kuuinua kwa kijiko. Mvua ya Chuma, kikombe cha Rogasian kilirudi kimejaa pomoni, na nzi amekwisha kujifia juu ya utando.

"Mwambie mwenye nyumba," nikamtuma Yuster, "ile si sita. Ile ni tisa. Rogasian amefungwa tu, amekasirika."

Upande wa pili kikalipuka kicheko kikubwa. Fabrice akafuta sita, akaandika tisa. Rogasian akasema, "Kumbe nyuma ya ukuta kuna refa." Tangu siku hiyo kila alama iliyotolewa, Fabrice alikuwa anasema, "Mke wangu, mwulize mama kikombe kimesemaje."

Ila kulikuwa na gemu moja iliyonisumbua, nayo ni Nyuki. Ilikuwa na mashine yake peke yake, kaseti yake nene haiingii kwenye mashine nyingine. Madereva waliichukia. Rogasian aliicheza, akafa, akacheza, akafa, akanywa chai yote na kuomba nyingine.

"Nyuki, mbili," akasema. "Na katika hizo mbili, moja nimeitoa sadaka."

Kikombe kilikubaliana naye. Mimi sikukubaliana nacho, kwa sababu ya jambo nililoliona siku moja ya mvua. Malori hayakusimama siku hiyo, Fabrice alikuwa amekwenda kuangalia shamba, na Yuster akakaa chumbani na mtoto mgongoni, akawasha Nyuki. Nilimwona uso kupitia kidirisha. Hakubonyeza haraka kama wanaume. Alingoja. Nikasikia vuuu, nyuki wanatoka mzingani, Yuster kimya. Vuuu nyingine, kimya. Halafu tatata, fupi, kisha kimya tena. Chai yake ikashika utando. Uji wa mtoto ukaungulia jikoni kwangu, na mimi mwenye pua zangu sikusikia harufu. Mwishoni ukaja muziki ambao sikuwahi kuusikia, mwororo, kama ngoma inayopigwa ng'ambo ya kilima.

"Umefika wapi huko?" nikamwuliza.

"Kwa malkia wao, mama. Amenipiga." Alikuwa anapumua kama aliyechota maji mtoni. "Hii ukifyatua hovyo unakufa. Unawaacha watoke wote, wanajipanga mstari wenyewe, ndipo unapiga. Wanaume hawawezi kungoja."

Maneno hayo yaliniingia. Kungoja nakujua. Nimengoja maharage yaive kwa kuni mbichi, nimengoja kuku wa kutamia, nimengoja mabinti warudi kutoka kisimani. Nikaanza kuicheza ile gemu kwa masikio. Mtu akiiwasha Nyuki, mimi jikoni nashika mwiko kwa mikono miwili, kidole gumba juu ya mti. Vuuu, nangoja. Vuuu, nangoja. Sasa, tatata. Mara nyingi mchezaji wa upande wa pili alikuwa amekwisha kufa, na mimi bado hai. Yuster alinikuta siku moja nikikwepa risasi kwa mabega.

"Mama, mgongo unauma?"

"Unaniuma kidogo," nikasema, nikaukoroga mchuzi ambao haukuhitaji kukorogwa.

Sasa kuna jambo la desturi ambalo sijakuambia. Haya ya mkwe haidumu milele, ina mlango wake wa kutokea. Mkwe anamletea mama mkwe kitu ambacho mama mwenyewe amekitaja, na tangu siku hiyo wanaweza kusalimiana uso kwa uso na kuketi pamoja. Mwenzangu mmoja alitaja mbuzi. Mwingine alitaja blanketi na kitenge. Fabrice alikuwa ananiuliza tangu Diana hajaota jino.

"Mwambie mama ataje."

"Mwambie sina shida, wawe wazima tu."

Nilichokitaka nilikijua vizuri. Lakini niambie, mama mkwe mwenye mvi atamke nini? Wenzake wametaja mbuzi, yeye ataje pedi? Habari ingefika kwetu kabla lori halijapanda mlima. Nikanyamaza, nikaendelea na mwiko wangu, nikijua gemu haikimbii, ipo pale ukutani na mbili yake.

Ndipo Yuster akaja asubuhi moja, uso umekunjamana. "Mama, leo anakuja Modestus wa Ngara mjini, yule mwenye ukumbi wa gemu. Fabrice anataka nafasi aweke televisheni ya mpira. Anamwuzia mashine moja, ile yenye alama za mwisho."

Sikuuliza ni ipi. Alama za mwisho zilikuwa mbili, ziliandikwa ukutani kwa tarakimu kubwa.

Modestus alifika jua likiwa limesimama, na boksi la kubebea. Alikuwa mtu mpole, kofia kichwani, mwenye haraka ya kuwahi gari la kurudi. Rogasian naye alikuwepo, lori lake likiwa linabadilishwa tairi. Nikasikia Fabrice anachomoa waya.

"Mwambie mgeni hawezi kuondoka bila chai," nikasema.

Modestus akanywa. Nikaweka kikombe cha pili kidirishani. "Mwambie ile ya kwanza ilikuwa ya kusalimia. Hii ndiyo chai."

Akanywa, kwa adabu. Nikaweka cha tatu, pamoja na vya Fabrice na Rogasian.

"Mama huyu ananitaka nini?" nikamsikia akimwuliza Rogasian kwa sauti ya chini.

"Kunywa. Mimi nikiomba cha pili naambiwa maziwa yamekwisha."

Yuster akaja jikoni, akainama karibu na sikio langu. "Mama. Chai itakwisha, na boksi limeshafunguliwa. Kama una neno, liseme."

Nikasogeza kuni, nikazirudisha zilipokuwa. Kisha nikasema, kwa sauti ya kupita ukuta: "Mwambie mwenye nyumba, kile kitu anachoniuliza kila siku."

Waya zikaacha kukwaruza sakafu. "Mwambie mama," Fabrice akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "ninasikiliza."

"Mwambie si mbuzi."

"Mwambie mama hata kama ni ng'ombe, tutatafuta."

"Mwambie si ng'ombe. Ng'ombe nitamweka wapi hapa barabarani?"

"Ni kitenge," Rogasian akasema. "Wakianza hivi huwa ni kitenge."

"Mwambie Rogasian hakuulizwa."

"Mwambie mama nimenyamaza."

"Mwambie mama," Fabrice akasema tena, polepole, "mimi hapa namwita mama kwa kupitia ukuta tangu Diana azaliwe. Kitu chochote. Kikubwa au kidogo. Asione aibu."

Yuster aligeukia upande wangu akingoja neno la kupeleka. Diana mgongoni kwake naye alinitazama, kidole mdomoni.

"Mama, nimwambie nini?"

"Kaa hapo," nikasema. "Usimwambie kitu."

Nikafuta mikono kwa khanga, nikasogea mpaka kwenye kidirisha, pale ninapowekaga kikombe na kurudi nyuma. Safari hii sikurudi. Niliwaona wote. Modestus ameshika boksi kwa mkono mmoja. Rogasian mdomo wazi, lakini ametii, hasemi. Fabrice amepiga magoti kando ya mashine, waya shingoni kama skafu, macho ameyainamisha chini kwa adabu. Na pembeni yao vikombe vyao, vyote vimejaa, hakuna aliyegusa, na juu ya kila kimoja utando umeshika, mzito, wa kuinua kwa kijiko.

"Mkwe," nikasema, "nataka kucheza Nyuki."