Maelezo ya Kitabu cha Nne

Chuo cha wachungaji kilipotaka orodha ya vitabu vyote vilivyoandikwa na shangazi yake, kila kimoja na maelezo mafupi chini yake, binti mkutubi aliipokea kazi kwa mikono miwili. Alilelewa na vitabu hivyo: hadithi za shule ya Jumapili, sala za asubuhi, mafundisho ya wachumba. Maelezo yalimtiririka, hadi alipofika kitabu cha nne, kile cha kuwafariji wafiwa. Alikisoma, akakirudia, kalamu ikagoma. Mwishowe akaandika: "Kinawajibu wafiwa kabla hakijawasikiliza. Ndicho kitabu chake dhaifu."

Leo shangazi alikuja maktaba kuipitia orodha kabla haijaenda kuchapwa. Alivaa miwani, akasoma kidole kikitangulia, akicheka hapa, akiguna pale.

"Eti 'mcheshi asiyejijua'! Mimi?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mbona nyumbani nikichekesha mnaninunia?"

Kidole kikasimama. Binti alijua kimefika wapi. Huyu ndiye aliyemfundisha kusoma, amempakata.

"Hiki umekisoma chote?"

"Mara mbili."

"Na umeona ni dhaifu."

"Naweza kulainisha maneno, shangazi. Lakini kukisifu... siwezi." Sauti ilimtoka nyembamba kama uzi.

Shangazi akavua miwani. "Nilikiandika sijazika mtu. Nilipofiwa na mume wangu nikakifungua, nitafute ile faraja niliyowagawia wenzangu. Nikakifunga. Na watu wananisifia hicho mpaka leo, nami naitikia asante, ulimi mzito." Akaigonga karatasi. "Usiguse hata nukta. Ukisema kweli hapa, ndipo nitaamini ulivyonisifu kwingine."

Kisha akatoa simu, akampigia kaka yake, baba wa binti, kwa sauti iliyogeuza shingo za wasomaji wote.

"Kaka! Mwanao amenikosoa! ... Si kwa mdomo, kwa maandishi! Yanachapwa, chuo kizima kisome! ... Nilie nini? Nakwambia ukoo wetu umepata msomi!"

"Shangazi," binti alinong'ona, uso ukimwaka, "hapa ni maktaba."

"Subiri, kaka, msomi ananinyamazisha." Akavuta pumzi, akaendelea kwa sauti ileile: "Tena hakutetereka! Nilimkazia macho, hakutetereka!"

Binti akaziinamia karatasi zake, akazipanga upya ingawa zilikuwa zimepangika. Hakumnyamazisha tena.