Jibu la Pili

Wiki mbili baada ya kumzika mkewe Vitalia, mwalimu Placidi alirudi darasani katika sekondari ya Maguu. Mwaka huo biashara ya kahawa ilikuwa imefunguliwa, na malori ya wanunuzi binafsi yalikimbizana kuwawahi wakulima. Lori moja liliipamia pikapu aliyopanda Vitalia kwenda Mbinga mjini.

Mada iliyofuata ya kidato cha tatu ilikuwa migongano. Mkuu wa shule alimshauri airuke.

"Itatoka kwenye mtihani," Placidi alijibu.

Aliandika swali ubaoni: tufe la kilo mbili, lenye kasi ya mita sita kwa sekunde, linagonga la kilo moja lililotulia. Nishati haipotei. Tafuta kasi za yote mawili.

Mkono mmoja tu ulinyooka, wa Dorah. Baba yake ndiye aliyeendesha lile lori. Darasa zima likamgeukia. Placidi alitamani kumpita, lakini akampa chaki.

Dorah aliandika momenta, kumi na mbili kabla na kumi na mbili baada, akakwama.

"Usivyovijua ni viwili, mlinganyo mmoja hautoshi," Placidi akasema. "Nini kingine hakibadiliki?"

"Nishati ya mwendo, mwalimu."

Akaunganisha milinganyo miwili, akapata majibu mawili. La kwanza, mita mbili na mita nane. La pili, mita sita na sifuri.

"Hili la pili ni kama mwanzo," Dorah alisema taratibu. "Lina maana gani?"

"Kwamba hayajagongana." Placidi alimkazia macho. "Tunalifuta."

Dorah alishika dasta. Hakufuta. Alitoka nje akilia, na Jumatatu hakuja. Mama yake alikuwa amemhamishia kwa ndugu zake, Ngumbo, kando ya ziwa.

Jumamosi Placidi alimfuata, akamkuta ufukweni akianika dagaa wa usipa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Rudi shule, Dorah. Hesabu yako ilikuwa sahihi."

"Baba yuko mahabusu. Nikirudi, kila mtu ataniangalia." Akainamia samaki wake. "Hata wewe, mwalimu, uliniangalia."

 Placidi akaaga, akapanda milima kurudi Maguu peke yake.